Filamu isiyo na neno hata moja, na televisheni inayojifanya inajua zaidi

Suali la msomaji:

"Assalamu alaykum. Mimi niko Wete. Mwezi uliopita nimenunua televisheni ya inchi 50, ya 4K, na sahibu yangu akanipa flashi yenye filamu mbili za aina ile inayoonesha mandhari na watu wa nchi mbalimbali bila ya mtu kuzungumza: mawingu yanakimbia, miji inawaka taa, mahujaji wanatufu Makka. Kila moja ina karibu dakika 100. La kwanza ni faili la GB 9, sauti haitoki kabisa. Nikasema kwa vile haina maneno basi ndivyo ilivyo, nikaliacha. La pili ni la MB 700, sauti iko, lakini watu wakipita wengi wanakuwa kama wamepakwa mafuta, kila kichwa kinaacha kivuli nyuma yake. Mbingu ya magharibi ina mistari kama ngazi. Pana usiku mmoja wa nyota, na nusu ya nyota sizioni. Juu na chini pana ukanda mweusi, mwanangu akibonyeza zoom unaondoka. Kaka yangu anasema zile nyota ni za kompyuta, maana sisi hapa hatujapata kuona nyota zikizunguka duara kama gurudumu. Mama naye akitizama dakika kumi anashikwa na kizunguzungu, na kila mara anauliza mbona hawasemi. Dukani filamu za namna hii ziling'ara. Niirejeshe televisheni, au filamu ndizo mbovu? Na watoto wa skuli niwaachie watizame?"

Jibu:

Wa alaykum salaam. Televisheni usiirejeshe, angalau si kwa haya uliyoyaeleza. Na lile faili uliloliweka kando kwa kuwa halina sauti ndilo zuri. Hilo la MB 700 ndilo linalokuonea.

Katika filamu za namna hii, picha inabadilishwa mara tatu kabla haijakufikia. Mpiga picha kaubana muda kwa makusudi, na hiyo ndiyo sanaa yenyewe. Kisha aliyelitengeneza faili kaibana picha ili iwe nyepesi kubeba. Mwisho televisheni yako inaingia kati na kuchora picha zake yenyewe ambazo mpiga picha hakuzipiga. La kwanza liache kama lilivyo. Mawili ya baadaye ndiyo ya kuondoa, na karibu yote yanaondoka bila ya gharama.

Tuanze na kaka, kwa sababu yeye kauliza jambo la maana kuliko anavyodhani.

Filamu ya kawaida inapigwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde na inaoneshwa kwa mwendo huohuo. Hapa kamera inasimamishwa mahali pamoja, inapiga fremu moja, inasubiri, inapiga nyingine. Chukua mfano wa maji ya pwani yenu. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa 6 na dakika 12. Ukipiga fremu moja kila sekunde 10, utapata fremu 2,232. Zioneshe 24 kwa sekunde, na bahari nzima imeondoka mbele ya macho yako kwa dakika moja na nusu; ngalawa zilizokuwa zikielea zinakaa mchangani zikiinama upande mmoja baada ya mwingine. Au chukua karafuu zilizoanikwa jamvini: fremu moja kila dakika 5, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, ni fremu 108 kwa siku. Siku tano za jua zinakuwa sekunde 22 na nusu, na katika sekunde hizo ule ukijani na wekundu unageuka kahawia kama mtu anayemimina chai. Hapo hapana kompyuta iliyochora kitu. Simu nyingi za leo zina kazi hii ndani ya kamera, kwa hiyo kaka akibisha mpe simu aiegemeze kwenye jiwe, aielekeze jamvini, aende zake kazini.

Ama nyota, hizo zinazunguka kweli, kwa sababu ardhi inazunguka: nyuzi 15 kila saa. Lakini duara analoliona mtu linategemea amesimama wapi. Ncha ya mbingu, yaani ile sehemu ambayo nyota zote zinaizunguka, inakaa juu ya upeo wa macho kwa nyuzi sawa na latitudo ya mahali ulipo. Kamera ikisimamishwa jangwani Utah, Marekani, kama nyuzi 38 kaskazini, ncha hiyo iko juu vizuri, karibu nusu ya njia ya kufikia utosini, na nyota zinaizunguka kama gurudumu mbele ya kamera. Pemba iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Ncha ya kaskazini kwenu iko chini ya upeo, haionekani. Ya kusini iko nyuzi 5 juu ya bahari, imejificha nyuma ya minazi na ukungu. Kwa hiyo nyota zenu zinachomoza mashariki karibu wima, zinapanda, zinateremka magharibi karibu wima. Kaka anasema kweli kwamba hajapata kuona gurudumu. Na filamu nayo haikusema uongo.

Sasa faili.

Video za siku hizi zinabanwa kwa ujanja mmoja: badala ya kuhifadhi kila fremu nzima, zinahifadhi fremu moja kamili, kisha kwa zile zinazofuata zinaandika kilichobadilika tu. Mtangazaji wa habari aliyekaa mezani ni rahisi kumbana, maana ukuta wa nyuma haubadiliki, meza haibadiliki, ni mdomo na mikono tu. Katika filamu zako kila kitu kinabadilika kwa pamoja. Fremu moja na inayofuata zimeachana sekunde kadhaa: umati wote umehama, kila wingu limesogea, kila jani limegeuka, kivuli kimetembea. Kwa hiyo filamu hizi zinahitaji nafasi kubwa kuliko tamthilia yoyote ya urefu huohuo, na wanaozibana wanazibana kama tamthilia.

Hesabu yake ni nyepesi. MB 700 kwa dakika 100 ni chini kidogo ya megabiti 1 kwa sekunde, yaani kiasi cha taarifa kinachobeba kila sekunde ya filamu. GB 9 kwa muda huo ni megabiti 12. Diski halisi ya Blu-ray kwa kawaida inapita megabiti 20. Kwa megabiti 1, programu iliyobana faili haikuwa na njia ila kutupa. Inaanza kutupa pale inapodhani jicho halitatambua: tofauti ndogo ndogo za rangi mbinguni, na vitone vidogo gizani. Ndiyo asili ya zile ngazi zako. Mbingu ya magharibi inatoka rangi ya chungwa kwenda buluu kwa hatua mamia. Video ya kawaida ina hatua 256 tu kwa kila rangi ya msingi, na ikibanwa hivyo zinabaki chache, kila hatua inakuwa ukanda unaoonekana. Hapana rekebisho la televisheni litakalorejesha kilichotupwa.

Kwa maelezo yako, mataf (pale mahujaji wanapotufu), nyota, dakika 100, nadhani flashi ina Baraka ya mwaka 1992, au Samsara ya 2011, au zote mbili. Zote ni kazi ya Ron Fricke. (Jina la ile ya kwanza halihitaji tafsiri nyumbani kwenu.) Zote zilipigwa kwa filamu pana ya milimita 65, ambayo fremu yake ni kubwa mara kadhaa kuliko ya filamu ya kawaida ya milimita 35, na Baraka ilipotayarishwa upya kwa diski ya 2008 ilisomwa kwa ubora wa 8K. Kwa hiyo asili yake ni kali mno. Kuiona kwa MB 700 ni sawa na kupewa pilau ukala ukoko pekee.

Ukitaka kuipata upya kwa njia ya halali kupitia intaneti, piga hesabu ya bando kwanza. Kwa ubora wa 1080p, kadiria megabiti 5 kwa sekunde, yaani GB 2 na robo kwa saa; filamu nzima inakula karibu GB 4. Kwa 4K, megabiti 15 hadi 20, filamu nzima ni kati ya GB 11 na 15. Intaneti ya nyumbani ikiyumba, picha inashuka ubora yenyewe bila ya kukuambia, na unarudi kwenye ngazi zilezile. Pakua usiku, ndani ya programu inayoruhusu kupakua, utizame kesho. Na wala usiombe mtu akutumie kwa WhatsApp kama video: inabanwa tena njiani.

Jambo dogo la flashi: ikiwa imepangwa kwa mfumo wa FAT32 haitapokea faili linalozidi GB 4, hata ikiwa flashi yenyewe ni ya GB 64. Ujumbe unaokuja unasema faili ni kubwa mno, na watu wanadhani flashi imejaa. Ipange upya kwa exFAT, ukijua kwamba kupanga upya kunafuta kila kilichomo.

Turudi kwenye lile faili bubu. Filamu hizi hazina maneno, lakini sauti zinayo, na muziki ndio unaobeba nusu ya kazi. Kwenye faili la GB 9 sauti iko. Televisheni yako haijui kuisoma. Mafaili makubwa yaliyotolewa kwenye diski mara nyingi yana sauti ya aina ya DTS, ambayo mtengenezaji wa televisheni lazima ailipie leseni. Wengi hawalipi. Samsung waliiacha kuanzia televisheni zao za 2018, na LG nao waliiondoa kwa miaka kadhaa. Picha inatembea, kimya.

Fanya hivi kwa mpango. Kwanza, faili likiwa linacheza, fungua menyu ya filamu na utafute sehemu ya kubadilisha sauti. Pengine faili lina sauti mbili, na ya pili ni AC3 au AAC, ambazo karibu kila televisheni inazisoma. Ikiwa iko moja tu, na televisheni yako ni ya Android au Google TV, pakua programu ya VLC kutoka Play Store uifungulie faili humo; VLC inaisoma DTS yenyewe bila kuitegemea leseni ya televisheni. Ikiwa televisheni si ya Android, tumia laptopu yenye VLC na waya wa HDMI. Njia ya mwisho ni kumpa kijana anayejua kazi aibadilishe sauti peke yake kuwa AC3, picha ainakili bila kuigusa. Msisitizie hilo la kutoigusa picha. Kubadilisha sauti tu ni kazi ya dakika chache; akikwambia inachukua saa tano, ujue anaibana picha upya, na utarudi ulikotoka.

Sauti ikishatoka, usishangae ikiwa ndogo kisha ghafla kubwa. Muziki huu umepangwa kwa spika nyingi za ukumbi wa sinema, na spika za televisheni ni mbili ndogo zinazotazama chini. Spika yoyote ya nje yenye besi ya kiasi inaleta tofauti utakayoisikia siku ya kwanza.

Sasa tufike kwenye hao waliopakwa mafuta, maana hapo mkosaji ni televisheni.

Televisheni nyingi za leo zinatoka kiwandani zikiwa zimewashwa kazi ya kulainisha mwendo. Filamu ina fremu 24 kwa sekunde. Kioo chako kinaonesha 60 au zaidi. Televisheni inatizama fremu ya kwanza na ya pili, inakisia kitu kimetoka wapi kimekwenda wapi, halafu inachora fremu za katikati kutoka kichwani mwake. Kwa mpira wa miguu inasaidia. Kwa filamu zako ni balaa, na sababu yake ukiijua hutaiwasha tena. Mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida anakwenda kama mita 12 katika sekunde 10. Ikiwa fremu zilipigwa kila sekunde 10, huyo mtu fremu ya kwanza yuko mlangoni pa soko, ya pili kashatoka kwenye picha, na mahali pake amesimama mwingine mwenye kanzu kama yake. Televisheni inadhani ni yuleyule. Inamvuta wa kwanza kumfanya wa pili, na katikati unapata kitu kisicho mtu, kinachoteleza, chenye kivuli kuzunguka kichwa. Ndiyo yale mafuta uliyoyaona.

Na nyota? Ziko kwenye picha, angalau zile ambazo faili halikuzitupa. Televisheni ina kazi nyingine ya kusafisha chenga: inatafuta vitone vidogo vyeupe gizani na kuvifuta. Haina njia ya kujua kipi ni chenga na kipi ni nyota.

Kwa hiyo chukua rimoti, na la muhimu kabisa, ufanye haya faili likiwa linacheza kutoka kwenye flashi. Televisheni nyingi zinahifadhi mpangilio wa kila mlango wa kuingizia picha mbali mbali. Ukirekebisha ukiwa kwenye king'amuzi, flashi inabaki vilevile, na hapo ndipo watu wengi wanaposema wamejaribu haikusaidia.

Ingia kwenye mpangilio wa picha. Aina ya picha chagua "Movie", "Cinema" au "Filmmaker", vyovyote ilivyoandikwa kwako. Achana na "Vivid" na "Dynamic". Dukani waliweka hizo, na wakacheza video maalumu ya maonesho iliyotengenezwa ili kuuza televisheni, ndiyo maana ziling'ara. Usiku wa kwanza utaona picha imekuwa ya njano kidogo na imefifia. Ipe siku mbili, jicho litaizoea, kisha ujaribu kurudi kwenye "Vivid" uone mchanga unavyogeuka chokaa.

Halafu zima kulainisha mwendo. Kwa LG inaitwa TruMotion, kwa Sony Motionflow, kwa Hisense Ultra Smooth Motion, kwa Samsung Auto Motion Plus au, kwenye mpya, Picture Clarity. Zima kabisa, si kupunguza. Zima na kila kinachoitwa "Noise Reduction". Wakati mwingine ni viwili. Kwenye faili la MB 700 ukizima hicho utaona vijisanduku gizani ambavyo mwanzo vilikuwa vimefichwa. Ni kweli, na ni hasara unayochagua: nyota pamoja na vijisanduku, au giza safi bila ya nyota. Kwenye faili la GB 9 huna haja ya kuchagua. "Sharpness" ishushe polepole huku unatizama minazi au miti iliyo mbele ya mbingu, mpaka ule mstari mweupe kandokando ya majani uondoke, uiache hapo. Mwisho, zima kazi ya kuokoa umeme inayopunguza mwanga kufuata mwanga wa chumba, kwa sababu wakati wa tukio la usiku inazidisha giza juu ya giza.

Ukishazima hayo huenda ukaona kamera inapohama polepole picha inarukaruka kidogo. Hilo linatokana na hesabu: 24 haiingii kwenye 60 sawasawa, kwa hiyo fremu moja inaoneshwa mara tatu na inayofuata mara mbili. Televisheni inayoonesha 120 kwa sekunde haina shida hiyo, kila fremu inapata mara tano. Ikiwa unatumia laptopu, iwekee mwendo wa 24 kwenye mpangilio wa kioo, ikiwa inakubali. Vinginevyo ni dogo, livumilie; kuliondoa kwa kuwasha ulainishaji ni kuuza ng'ombe kununua kamba.

Ukanda mweusi uache, na rimoti mwondolee mwanao. Picha hizi ni pana kuliko kioo: upana ni mara 2.2 ya kimo au zaidi, kioo chako ni mara 1.78. Ukikuza mpaka ukanda uondoke, unapoteza karibu sehemu moja ya tano ya picha au zaidi, pembeni. Mpiga picha aliyekaa siku nzima kusubiri kivuli kifike ukingoni mwa jabali alipanga huo ukingo uonekane.

Kuhusu Mama.

Kizunguzungu chake kina sababu inayoeleweka, na mtu wa Pemba anaijua kwa upande wa pili. Ukiwa ndani ya boti ya kwenda Unguja, sikio la ndani linahisi unapanda na kushuka, macho yanaona ukuta uliotulia. Mwili unachanganyikiwa, unatapika. Hapa ni kinyume: macho yanaona dunia inakimbia, sikio linasema mtu amekaa mkekani. Wenye kuathirika zaidi ni waliokaa karibu na kioo kikubwa, chumbani giza tupu. Kwa hiyo ushauri wangu kwa Mama ni kinyume na wako. Wewe unayetaka kuona kila jani, kaa mita 2 kutoka kioo cha inchi 50. Yeye mkalishe mita 3 au zaidi, washeni taa ndogo nyuma ya televisheni, ili macho yake yawe na ukuta uliotulia wa kushika. Akihisi dalili ya kwanza afumbe macho au atizame mlango. Asijikaze, kwani kujikaza kunaiongeza. Na mteulie sehemu. Kinachozungusha zaidi si mawingu yanayokimbia kamera ikiwa imetulia, bali zile picha zilizopigwa kutoka angani kamera ikiruka juu ya mabonde. Televisheni ikiwa imetundikwa juu karibu na dari, ishusheni. Shingo iliyoinuliwa dakika 40 nayo ina lake.

Lakini angalia. Kizunguzungu cha televisheni kwa kawaida kinaondoka muda mfupi baada ya kuizima. Kikiendelea saa nzima, kikija akigeuka kitandani, kikifuatana na mlio sikioni au kupungua kusikia, mpeleke kwa daktari amwone, na uchukue dawa zake zote za presha na sukari kwenye mfuko, daktari azitizame. Na akishikwa ghafla huku ulimi mzito, uso umeteremka upande mmoja, au mkono hauna nguvu, hapo usingoje asubuhi wala usitafute limau: hospitali saa ileile, iwe Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee Mkoani. Pia, ikiwa yumo nyumbani mwenye kifafa, muulizeni daktari wake kabla ya kumwonesha zile sehemu za miji usiku, ambapo taa za magari na madirisha zinamulika na kuzimika kwa kasi.

Na suali lake la mbona hawasemi ni suali zuri, lina jibu hapahapa Zanzibar. Kwenye taarab ya asili, kabla mwimbaji hajasimama, hupigwa bashraf: ganuni, fidla, udi, nai, bila ya shairi. Hakuna anayeuliza bashraf inasema nini. Mtu anakaa, anasikiliza chombo kimoja kikiuliza na kingine kikijibu. Mwambie Mama atizame hivyo. Baada ya bonde tupu huenda likaja soko lililojaa. Baada ya mahujaji wanaotufu huenda zikaja gari zinazozunguka mjini. Picha ya pili inaijibu ya kwanza, na jibu lenyewe kila mtu analipata lake. Mtu mzima aliyeona mengi huenda akaona humo zaidi yetu sisi tuliozoea kusimuliwa.

Watoto, ndiyo, lakini si kwa kuwaachia. Hizi si katuni. Humo mna maiti zinazochomwa kwenye mto Ganges, mafuvu ya waliouawa, watu wa misituni wasiovaa kama tunavyovaa, na katika Samsara mna machinjio ya nguruwe na kiwanda cha midoli ya watu wazima isiyofaa kuoneshwa ukumbini watoto wakiwapo. Itizame yote mwenyewe kwanza ukiwa na karatasi, uandike dakika za kuruka. Kisha wape dakika 15 hadi 20 kwa siku moja, sehemu uliyoichagua, na uwape kazi: kila mmoja akisie picha ilipigwa kwa muda gani halisi. Vivuli vinasema. Kivuli kilichotoka upande mmoja wa nyumba hadi wa pili ni siku nzima. Kilichosogea hatua moja ni dakika chache. Wa darasa la tano anaweza kulikokotoa hilo, na mkubwa wake atabisha naye mpaka adhana ya isha. Dakika 100 kwa mkupuo mmoja, mtoto wa miaka minane atalala au atapigana, na hana kosa.

Imebaki televisheni yenyewe. Baada ya kufanya yote haya, cheza faili la GB 9, simamisha kwenye mbingu tupu ya mchana, utizame kioo kwa utulivu. Ukiona kona moja ina giza la daima, mstari wima usioondoka hata ukibadilisha mlango, kitone kinachowaka rangi moja kila picha, au doa jeupe kama taa imewekwa nyuma ya kioo, huo ni ubovu wa kioo au wa taa zake, hakuna mpangilio utakaouondoa. Piga picha kwa simu, chukua risiti na kadi ya dhamana, urudi dukani kabla muda wa dhamana haujaisha; usimruhusu fundi yeyote kufungua kifuniko cha nyuma kabla ya hapo, kwa sababu muhuri ukikatika dhamana inakwenda nao. Ikitoa harufu ya kuungua au ikizima yenyewe umeme unapopanda na kushuka, ichomoe ukutani kwanza, ndipo umtafute fundi.